Kwa Anayevuta Bangi, Mhudumu Ndiye Dawa

Mzazi wa Matasia anayegundua kwamba mwanawe anavuta bangi hufikiria milango mitatu. Wa kwanza ni polisi, na huo humtisha hata yeye, kwa sababu anajua kijana akilala seli hutoka na mengine aliyofunzwa humo. Wa pili ni kanisa au msikiti. Wa tatu ni kituo cha kurekebishia tabia. Ukanda huu wa Ngong, Kiserian na Rongai haukosi vituo hivyo, ila ada yake imewafanya wengi wauze ng'ombe au kipande cha ardhi. Mlango wa nne, ule wa zahanati au hospitali ya umma, una foleni ndefu lakini gharama yake ni ndogo. Huo haumjii akilini. Na hata akiukumbuka, hajui akifika aseme nini, na mara nyingi mhudumu aliyeko ndani naye hajui amjibu nini.

Nataka kuuzungumzia mlango huo wa nne, kwa kuwa naamini vijana wetu wengi wangesaidika hapo mapema, kabla ya pingu na kabla ya ada, lau mhudumu aliyeketi nyuma ya meza angekuwa na ujuzi wa tatizo hili na moyo wa kumsikiliza aliye nalo.

Matasia si kijiji tena wala haijawa mji. Palipokuwa malisho ya Wamaasai chini ya vilima vya Ngong leo pana ploti za hamsini kwa mia, nyumba za kupangisha, shule za kibinafsi na vijana waliohamia na wazazi wao kutoka Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado, na umati mkubwa uko kwenye miji hii iliyoegemea jiji: Ongata Rongai, Kitengela, Ngong. Kijana akimaliza kidato cha nne huendesha bodaboda, huenda mjengo, au hukaa maskani akingoja simu ya kazi. Bangi haiko mbali naye. Ile ya Ethiopia huingia kupitia Moyale na kuitwa shash, kwa jina la mji wa Shashamane. Ile ya Tanzania, ikiwemo ya milima ya Arumeru, hupenya mpaka wa Namanga na kupanda kwa barabara ileile inayopita Kajiado na Kitengela. Siku hizi kuna na biskuti zilizotiwa bangi, ambazo mzazi hawezi kuzinusa mfukoni mwa mtoto.

Mwaka 2022 NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilifanya uchunguzi wa kitaifa kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 65. Ilikuta watu 518,807 wanatumia bangi, yaani mtu mmoja kati ya kila 53, na kiwango hicho kilikuwa kimekaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka mitano. Zaidi ya laki mbili kati yao walikuwa na uraibu mkali. Hizo laki mbili ndizo zinazoninyima usingizi. Hao si vijana wanaoonja wikendi na kuacha. Ni watu ambao bangi imeshika usukani wa siku yao, na idadi yao inazidi kwa mbali vitanda vyote vya vituo vya kurekebisha tabia nchini.

Sasa tuingie kwenye chumba cha daktari.

Malaria hutibika hata na muuguzi mkali. Akugombeze, akurushie karatasi, ila ukizimeza tembe za AL jinsi zilivyoandikwa, zitafanya kazi yake. Bangi haiko hivyo. Hadi leo hakuna kidonge wala sindano iliyoidhinishwa kutibu uraibu wa bangi, ingawa dawa nyingi zimejaribiwa. Mraibu wa heroini ana methadoni: Hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, kisha Pwani. Anayevuta bangi hana kitu cha aina hiyo. Kilichothibitika kumsaidia ni mazungumzo ya kitaalamu: kumsaidia aone mwenyewe kinachompotea, kumfunza kuitambua saa na mahali hamu inapompanda, na kumtafutia la kufanya saa hiyo. Kwa hiyo mhudumu anayemkemea mgonjwa huyu amemwaga dawa yenyewe sakafuni. Hakuna nyingine kwenye rafu.

Mwanasaikolojia wa Marekani William Miller aliliandika jambo hili mwaka 1983, kutokana na kazi yake na walevi, na baadaye yeye na Stephen Rollnick wakalikuza kuwa njia kamili ya kuzungumza na mgonjwa. Walichokiona ni rahisi kukielewa kwa yeyote aliyelea kijana. Ukimwambia kwamba bangi inamharibu, atakujibu kwa kuitetea, na kadiri anavyoitetea ndivyo anavyozidi kujisadikisha. Ukimuuliza anapata nini akivuta, na ni kitu gani katika kuvuta kinachomkera yeye mwenyewe, atayataja madhara kwa kinywa chake, na hayo atayaamini kuliko mahubiri yoyote. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ukiwahusisha watu wazima 450 ulionyesha kwamba vikao tisa vya mazungumzo ya namna hiyo vilisaidia kuliko vikao viwili, na viwili vilisaidia kuliko kusubiri tu. Vikao tisa. Nani atavifanya hapa kwetu?

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya mwaka 2017 ilikuta kwamba nchi nzima ilikuwa na madaktari 92 wa magonjwa ya akili na wauguzi 327 wa fani hiyo, na kwamba hospitali 29 tu kati ya 284 za ngazi ya nne kwenda juu ndizo zilizotoa huduma za afya ya akili. Miaka mitatu baadaye jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Tukisubiri kila mtaa upate daktari wa akili wake, kijana anayevuta leo atakuwa babu. Anayepatikana ni tabibu wa zamu na muuguzi wa zahanati. Hao ndio tulio nao, na hao ndio niwazungumziao, bila nia ya kuwadhalilisha, kwa maana wanafanya kazi ngumu kwa vifaa vichache na mishahara inayochelewa.

Je, wanajua nini? Mwaka 2009 Profesa David Ndetei na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 2,770 katika vituo 10 vya kawaida vya afya nchini. Asilimia 42 walikuwa na dalili za sonona, ila ni asilimia 4 pekee ambao faili zao zilikuwa na neno lolote kuhusu ugonjwa wa akili. Mwaka 2011 kundi hilohilo likaandika kuhusu wahudumu wenyewe, likaonyesha kwamba ustadi wa kutambua magonjwa haya ulikuwa tatizo kwa kada zote, na kwamba imani zao binafsi na unyanyapaa vilichangia. Ikiwa sonona, ambayo haivunji sheria ya mtu, hupita mbele ya daktari bila kuonekana, bangi itaonekanaje, na kijana ana kila sababu ya kuificha?

Ninavyoona, ujinga kuhusu bangi katika vyumba vyetu vya matibabu huja kwa sura mbili zinazopingana.

Sura ya kwanza ni ya kuisingizia kila kitu. Kijana analetwa amechanganyikiwa, anaongea peke yake, shangazi yake anasema huvuta. Basi. Neno "bangi" linaandikwa kwenye kitabu, anadungwa sindano ya kumtuliza, na uchunguzi unaishia hapo. Joto halipimwi. Hakuna anayeuliza kama alianguka na pikipiki wiki iliyopita, kama ana homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, au virusi ambavyo hajawahi kupimwa. Wapo pia wanaoanza ugonjwa wa akili kwanza na kuikimbilia bangi ili kutuliza sauti wanazozisikia. Hao wakipewa lawama badala ya tiba, hurudi wakiwa wabaya zaidi. Mhudumu aliyekwisha kuamua kwamba mgonjwa amejitakia hana sababu ya kuendelea kutafuta.

Sura ya pili ni ya wahudumu vijana waliovaa makoti meupe, waliosoma mtandaoni kwamba bangi ni mmea tu, kwamba Ulaya na Kanada wameiruhusu, kwamba hakuna anayeizoea. Siasa zetu nazo zimechangia. Kampeni ya urais ya George Wajackoyah mwaka 2022 iliifanya bangi kuwa wimbo wa vijana, ingawa kura alizopata hazikufika hata asilimia moja. Mjadala wa kuihalalisha una nafasi yake, na sina haja ya kuumaliza hapa. Lakini daktari hapaswi kujibu kwa wimbo. Karibu mmoja kati ya kila watumiaji kumi huishia kuwa mraibu, na anayeanza akiwa kijana mdogo yuko hatarini zaidi. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden waliofuatilia wanajeshi wapya 45,570 walieleza kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipata skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Wengi wao hawakuugua, na hilo nalo lisemwe. Ila kwa kijana ambaye mjomba wake alikufa Mathari, takwimu hiyo ni habari anayoihitaji kwa maisha yake, na anayepaswa kumpa ni mtu anayemwamini.

Kuna na mambo madogo ambayo kutoyajua kunamgharimu mgonjwa pesa nyingi. Mwaka 2004 madaktari wa Adelaide, Australia, walieleza hali ya watu wanaovuta bangi kwa miaka, wanaotapika mfululizo kwa siku kadhaa, kisha hutulia, kisha huanza tena, na ambao hupata nafuu wakioga maji ya moto. Wakiacha bangi, kutapika hukoma. Kijana wa aina hiyo hapa kwetu huzungushwa kwenye zahanati za kibinafsi, akipewa dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza swali moja kuhusu bangi wala la maji ya moto.

Tena, wapo wanaodhani kwamba bangi haina ile hali ambayo waraibu wa heroini wa Pwani huiita arosto. Inayo, ingawa haiui. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliitambua rasmi mwaka 2013. Anayeacha ghafla baada ya miaka ya kuvuta kila siku huanza kuona dalili ndani ya siku moja hadi tatu: hasira za bure, kukosa usingizi, ndoto kali, chakula kutopita, jasho. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, na baada ya wiki mbili hivi wengi hupata ahueni. Kijana ambaye hakuambiwa haya hudhani amepatwa na wazimu, na msokoto mmoja ukimtuliza anahitimisha kwamba bangi ndiyo dawa yake. Mama naye, asiyeambiwa, huona mwanawe "ameacha lakini amekuwa mkorofi zaidi" na kukata tamaa siku ya tano. Maelezo ya dakika tatu yangewavusha wote wawili.

Nirudi kwenye moyo wa mhudumu, kwa maana ujuzi pekee hautoshi. Mvutaji wa bangi anaingia chumbani akiwa tayari mhalifu. Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994 iliweka kifungo cha miaka 10 kwa anayepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe. Marekebisho ya 2022 yalilegeza adhabu hiyo bila kuiondoa. Mwaka uohuo wa 2022, Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, na katika tafsiri yake mgonjwa wa akili ni pamoja na mtu aliyethibitishwa kuwa na uraibu wa pombe au dawa. Mtu mmoja, sheria mbili: moja inamwita mshtakiwa, nyingine inamwita mgonjwa. Mhudumu wa afya hana sababu ya kuyumba hapo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka atunze siri ya mgonjwa wake. Yeye si askari, na kijana anayeogopa kwamba jibu lake litafika kituo cha polisi kabla ya jioni hatajibu. Sentensi ya kwanza ya mahojiano ingepaswa kuwa hiyo: haya tunayozungumza yanabaki hapa. Na mama aombwe kwa heshima asubiri nje kidogo. Hakuna kijana atakayesema ukweli kuhusu bangi mbele ya mama yake, hata akiwa na miaka 25.

Wahudumu nao ni binadamu wa mtaa huuhuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu sampuli ya wahudumu wa afya wa Kenya ulionyesha kwamba zaidi ya thuluthi moja walikuwa wamewahi kutumia vileo au dawa za kulevya. Anayeficha chupa yake mwenyewe huwa mkali kwa mwenye msokoto, au hukwepa kabisa kuuliza. Lakini habari iliyofuata ni njema: mafunzo kwa njia ya intaneti, yenye washauri na wenzao wa kuwashika mkono, yaliwafanya wahudumu waliokuwa wakinywa kupita kiasi wapunguze. Kumfunza mhudumu kuhusu uraibu ni kumtibu yeye pia.

Najua pingamizi linalokuja, na ni la haki. Kwanza, mafunzo yamefanyika kabla. Kati ya 2005 na 2010 Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu cha Kenya, KMTC, kiliwapitisha wahudumu zaidi ya elfu moja wa ngazi ya msingi katika kozi ya siku tano ya afya ya akili. Waliofunzwa wengine walihamishwa, wengine wakastaafu, na dawa wakati mwingine hazikuwepo. Pili, ushahidi kuhusu mazungumzo mafupi haujakubaliana. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2012, likiwa na watu 731 wa Australia, Brazil, India na Marekani, lilikuta kwamba maswali yake manane yanayoitwa ASSIST, yakifuatwa na mazungumzo mafupi, yalipunguza matumizi kwa jumla. Lakini majaribio mawili ya mwaka 2014, moja la Boston na lingine la jimbo la Washington, hayakuona faida yoyote. Mimi nasoma matokeo hayo hivi: kikao kimoja kinaweza kumfaa ambaye bado hajazama, ila aliyezama anahitaji arudi, na arudi kwa mtu yuleyule. Semina ya siku moja hotelini, yenye chai na posho, haiwezi kuzaa mhudumu wa kurudiwa.

Eldoret wameonyesha njia nyingine. Dkt Florence Jaguga wa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na wenzake wamejaribu kuwatumia vijana waliofunzwa kuwahoji vijana wenzao katika kliniki ya vijana, kwa maswali na mazungumzo mafupi, chini ya usimamizi wa wataalamu. Kijana alikubali kuongea na kijana. Nikifikiria maskani za Matasia, naona wapo vijana walioacha, wanaojua lugha na saa za hatari, na ambao wangefanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi wetu, mradi wafunzwe, walipwe, na wawe na muuguzi wa kumpigia simu wakikwama. Wapo pia wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya laki moja waliozinduliwa na Rais William Ruto Septemba 2023 wakiwa na mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Wanaingia nyumba hizi kila mwezi. Kuuliza kuhusu bangi hakuhitaji hata betri.

Vituo vya kurekebisha tabia vibaki, kwa wale waliozama kabisa au wenye ugonjwa wa akili unaohatarisha maisha, na NACADA ivikague kwa ukali. Lakini mtindo wa familia kulipa gari lije alfajiri, kijana akamatwe na wanaume asiowajua, afungwe na kudungwa usingizi, uishe. Nimewasikia wazazi wakiutetea kwa machozi, na machozi yao nayaelewa; walikuwa wameshindwa na hakuna aliyewapa njia nyingine. Hata hivyo, anayeanza tiba yake kwa kutekwa hujifunza kutomwamini yeyote aliyevaa koti jeupe, na tumeshaona kwamba imani hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Kaunti ya Kajiado hupitisha bajeti yake kila mwaka mwezi Juni, na kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Mara nyingi tunakwenda kudai barabara na maji, na tunavihitaji. Mwaka ujao tuulize pia: katika Ngong, Kiserian na Kitengela, na katika zahanati zinazowahudumia watu wa Matasia, ni matabibu na wauguzi wangapi watakaofunzwa kuhusu uraibu, nani atakayewatembelea kila mwezi baada ya mafunzo kuangalia wanavyofanya, na watabaki vituoni mwao kwa miaka mingapi kabla ya uhamisho? Na je, kutakuwa na alasiri moja kwa wiki ambapo kijana anaweza kuingia bila mama yake, bila kadi ya kuonyesha foleni nzima alichofuata, akamkuta mtu yuleyule aliyeongea naye wiki iliyopita? Hayo yote hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji mistari michache kwenye bajeti, na wazazi watakaokaa kikaoni hadi mistari hiyo isomwe.